Mwokaji wa Kitengo cha Mita

Naibu Mkuu wa Kitengo cha Mita alikuwa mtu wa kupenda sifa, na hilo si kosa, wengi wetu tunazipenda. Kasoro yake ni kwamba alizipenda hata zisizo zake. Mvua ikinyesha mabwawa yakajaa, alipita kwenye korido za idara ya maji akipokea hongera. Mita ikisoma vibaya, hiyo ilikuwa kazi ya wasaidizi. Miaka tisa alikuwa naibu, na kwa miaka yote tisa alimsalimia mkuu wake kila asubuhi kwa unyenyekevu huku jicho moja likiwa kwenye kiti cha mkuu, kile cha kuzunguka, chenye egemeo refu la ngozi. Sasa mkuu huyo alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na Naibu hata chakula kilikuwa hakimpiti vizuri.

Nyumbani yeye na mkewe waliitwa Baba Pacha na Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti zao wawili waliokuwa darasa la tano. Mama Pacha alikuwa mwokaji. Hakuwa na duka wala kibao mlangoni. Alikuwa na oveni ya gesi ya trei mbili, meza ya mbao aliyoipiga msasa mwenyewe, na mikono. Kabla ya kuwapata pacha alifanya kazi miaka minne kwenye jiko la hoteli, na huko mpishi mmoja mgeni alimfundisha kuoka pretzeli, yaani mkate mdogo wa unga unaosokotwa kuwa kamba ndefu, ukakunjwa, ncha zake zikapishana na kubandikwa juu, mpaka ukafanana na mtu aliyefumbata mikono kifuani. Mama Pacha alizioka kwa unga wa ngano nzima na asali. Alizichovya kwenye maji yanayochemka yenye soda ya kuokea ili zipate ngozi ya kahawia, kisha akazinyunyizia chumvi ya mawe na kuzisukumia ovenini. Majirani walikuwa wanagonga mlango kuziulizia hata siku ambazo hakuoka.

Kwa miaka sita alikuwa anataka kitu kimoja tu, jiko lake la kazi, lenye watu wa kula mbele yake. Kwa hiyo idara ya maji ilipotangaza kwamba kantini yake iliyofungwa inatafuta mwendeshaji, alikaa mezani siku hiyohiyo akaandika barua kwa mkono, akaichana, akaandika nyingine. Tangazo lilisema mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, na majibu yatatoka Jumatano. Ijumaa asubuhi alimkabidhi mumewe bahasha, pamoja na kikapu cha pretzeli dazeni nne zilizofunikwa kwa kitambaa, bado zina joto.

"Barua mpe Mkurugenzi mkononi," alimwambia. "Na hizi azionje, ajue nilichoandika humo ndani si hadithi."

"Usiwe na wasiwasi," alisema Baba Pacha huku anafunga tai.

Wasiwasi ulikuwa wa kwake yeye. Njia nzima alikuwa anajiona siku za mbele, Mkuu kamili wa Kitengo, anaingia kantini na wageni wake, na nyuma ya kaunta amesimama nani? Mkewe, na aproni, anawahudumia wasoma mita. Alishawasikia madereva kabisa, wanavyomwambia mbele za watu, "Mkuu, hebu mwambie mama aniongezee chai." Mwili ulimsisimka kwa haya. Kwamba mke huyohuyo ndiye aliyemlisha, aliyempigia pasi shati alilovaa na aliyemfundisha kutofautisha kijiko cha supu na kijiko cha chai, hilo halikumjia kichwani. Alipofika ofisini aliifungua droo yake ya chini, akaiweka ile bahasha chini ya boksi la lakiri za kufungia mita, akafunga kwa ufunguo. Kikapu alishindwa kukificha, maana harufu ilikuwa imekwishafika mapokezi kabla yake.

Idara ile ilikuwa na desturi ya chai ya Ijumaa. Saa nne watu hukusanyika ukumbini, mmoja wao ameleta kitafunwa, na aliyeleta husimama akasema kimetoka wapi. Wengi husema wamenunua pale kona, wanapigiwa makofi mawili matatu ya heshima, basi. Siku hiyo Mkurugenzi, mwanamama mkimya aliyekuwa na miezi mitatu tu pale, alichukua pretzeli moja akaila yote. Akachukua ya pili.

"Nani kaoka hizi?" aliuliza.

Naibu anaapa mpaka leo kwamba alifungua mdomo ili aseme ni mke wake. Labda. Lakini Mkurugenzi alikuwa anamtazama, na hakuna mkurugenzi aliyewahi kumtazama hivyo tangu aajiriwe, na watu thelathini na sita walikuwa wameacha kutafuna wakimngoja.

"Ni mimi, Bosi," alisema.

"Wewe mwenyewe? Kwa mikono yako?"

"Mwisho wa wiki huwa napenda kutuliza akili jikoni," alisema Naibu, akainyoosha mikono yake watu waione. Ilikuwa mikono laini, safi, isiyo na alama hata moja ya moto, ila hakuna aliyeikagua. Akaongeza kwamba siri iko kwenye asali, na kwamba mwanamume wa kisasa hapaswi kuogopa unga. Katibu muhtasi, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu alirusha matangazo kutwa nzima bila mapumziko, alishika kifua na kusema laiti mume wake angekuwepo amsikie.

"Nina mpango na wewe," Mkurugenzi alimwambia akijifuta vidole. "Njoo ofisini kwangu Jumatatu."

Jioni Mama Pacha alimpokea mlangoni. Aliuliza kama barua imefika, akaambiwa imefika. Aliuliza kuhusu pretzeli.

"Kala mbili," alisema Baba Pacha.

"Mkurugenzi? Mbili?" Alikaa. Alitaka aelezwe upya kuanzia mwanzo, kama alikula na chai au kavu, kama alianzia kwenye ncha au katikati, kama uso ulibadilika. Baba Pacha alimweleza yote kwa ukweli mtupu. Alibakiza neno moja tu, na kwa kuwa yaliyobaki yote yalikuwa kweli, alijiona hajadanganya sana.

Jumatatu Mkurugenzi alimweleza mpango. Kila mwaka idara hufanya mafunzo ya kujenga mshikamano. Mwaka uliopita walivutana kamba, na watu wawili wakateguka bega. Mwaka huu yeye alitaka kitu cha amani. Alhamisi, kuanzia saa moja asubuhi, jiko la kantini lingefunguliwa na Naibu angewafundisha wafanyakazi wote kuoka pretzeli, mwanzo mpaka mwisho.

"Na tukimaliza," alisema Mkurugenzi, "nitakuwa na tangazo linalokuhusu."

Naibu alitoka mle ndani miguu haigusi sakafu. Tangazo, wiki tatu kabla ya mkuu kustaafu. Alikuwa amefika nusu ya korido ndipo alipokumbuka kwamba hajui kuoka hata yai.

Jumanne jioni aliingia jikoni kwake, akasimama karibu na friji kama mgeni asiyejua akae wapi, akasema, "Mama Pacha, nifundishe hizi pretzeli zako."

Mama Pacha alimgusa paji la uso kuona kama ana homa. Miaka kumi na miwili ya ndoa, mtu huyu alikuwa hajui sukari inakaa kabati gani. "Kulikoni?"

"Nataka nikusaidie. Ukipata ile kantini, utabaki peke yako na kazi zote hizi?"

Kusema kweli, ni uongo uliosemwa vizuri. Mama Pacha alifurahi, akafurahi wazi, hakuficha. Alimfunga aproni yake mwenyewe yenye maua, akampa beseni, akamwonyesha kupima joto la maji kwa kifundo cha mkono. Akamwonyesha asali inavyoyeyuka, hamira inavyoamka na kutoa povu, unga unavyoingia kidogo kidogo.

"Sasa kanda."

"Dakika ngapi?"

"Mpaka uwe laini kama ncha ya sikio."

Baba Pacha alikuwa amekuja na daftari na rula. Alikuwa amechora jedwali. "Ncha ya sikio siwezi kuiandika. Dakika ngapi?"

"Andika kumi, kama kumi inakufurahisha," alisema mkewe akicheka. Hivyo ndivyo walivyokwenda. Kuumuka, andika saa moja, ingawa unga wenyewe ndio unaokuambia. Maji ya soda, nusu dakika. Oveni, nyuzi mia mbili na ishirini, dakika kumi na mbili. Baba Pacha hakupenda mambo ya unga kumwambia mtu. Kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha hakuna kitu kinachojisemea chenyewe bila mita. Pacha walikuja kuchungulia mlangoni, wakamwona baba yao amejaa unga mpaka nyusi, wakakimbia wakicheka na kurudi tena. Pretzeli zake za kwanza zilikuwa na sura ya kamba za viatu zilizofungwa gizani, lakini zilikuwa na ladha, maana zote zilipita mkononi mwa mkewe kabla ya kuingia ovenini. Mama Pacha alimfuta unga usoni kwa kona ya aproni. Alikuwa anaimba kwa chini. Kwa muda wa kama dakika nzima Baba Pacha alitaka kumwambia kila kitu, na moyo ulimwuma kweli. Kisha akakumbuka kile kiti.

Jumatano walirudia. Ilikuwa siku ya majibu, na majibu hayakuja.

"Wanaifanyia kazi," alisema Baba Pacha. "Unajua ofisi zetu."

 Mkewe aliendelea kusokota unga, akamrekebisha mumewe vidole, akamwambia asibane sana.

Alhamisi saa moja kamili Naibu alisimama katika jiko la kantini mbele ya wafanyakazi thelathini na sita waliovaa kofia za plastiki. Ukutani alikuwa amebandika karatasi kubwa. Usiku uliotangulia alikuwa amepiga hesabu zake: mapishi ya mkewe yanatoa pretzeli kumi na mbili, watu ni thelathini na sita, kila mmoja apate mbili, jumla sabini na mbili, yaani mara sita. Basi akalizidisha jedwali lote mara sita. Unga mara sita. Maji mara sita. Asali na hamira mara sita. Kukanda, dakika sitini. Kuumuka, saa sita. Kuchovya, dakika tatu. Kuoka, saa moja na dakika kumi na mbili. Na joto la oveni, nyuzi elfu moja mia tatu na ishirini, ambapo hata yeye alisita kidogo, akaandika pembeni kwa penseli kwamba itategemea uwezo wa kifaa.

Mama wa Stoo, aliyekuwa ameoka mikate nyumbani kwake tangu Naibu hajaota ndevu, alinyoosha mkono. "Mkuu, samahani. Saa sita? Kwa joto hili?"

Naibu alitabasamu kwa uvumilivu. "Tangi moja la maji linajaa kwa saa moja. Kwa bomba hilohilo, matangi sita yatajaa kwa saa ngapi?"

"Saa sita," jiko zima lilijibu kwa pamoja, maana hilo ndilo waliloajiriwa kulijua.

"Ahsanteni," alisema Naibu. Mama wa Stoo alishusha mkono, akatafuta kiti karibu na dirisha.

Walikanda saa nzima. Wasoma mita walipokezana na madereva, tai zikalegezwa, mtu mmoja wa kitengo cha mabomba alishikwa na msuli akapelekwa nje kupata hewa. Saa mbili donge liligawanywa katika mabeseni matatu makubwa, likafunikwa. Saa tatu lilikuwa tayari, na wote waliowahi kuoka waliliona liko tayari, na hakuna aliyesema. Naibu naye akaanza kuwasomesha historia ya mita za maji. Saa tano vitambaa vilikuwa vimenyanyuka kabisa. Saa sita donge lilishuka kutoka beseni la kwanza, likapita mezani taratibu na kuanza kuelekea sakafuni, dereva mmoja akalikinga kwa trei. Hewa ilianza kuwa na ukali wa chachu. Redio alikuwa anatoka na kurudi, na kila akirudi nyuma yake walikuwa wameongezeka watazamaji kutoka ghorofa nyingine.

"Hii ni dalili ya unga wenye afya," alisema Naibu kwa macho makavu, huku jasho jembamba linamtoka. Moyoni alikuwa amekwishajua. Hakujua kosa ni lipi, ila alijua liko palepale linatambaa mezani.

Saa nane Mkurugenzi aliingia. Kufikia hapo donge lilikuwa limeumuka, likaporomoka, likalala. Naibu alijaribu kusokota kipande. Hakikukubali kuwa kamba, kiling'ang'ania vidole vyake, kikapanda mpaka kwenye kifundo na kukamata saa yake ya mkononi. Akakikunja alivyoweza, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya soda, akaanza kuhesabu dakika tatu kwa sauti. Dakika ya kwanza kilivimba. Ya pili kilifumuka. Ya tatu sufuria nzima ilikuwa uji.

"Tatizo ni oveni," alisema Naibu. "Nyuzi zake zinaishia mia mbili na hamsini."

"Bado hujaitia ovenini," alisema Mkurugenzi.

Ni hapo mlango ulipofunguliwa, na Mama Pacha akaingia. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, limepigwa pasi, mkoba mkononi. Siku ya majibu imepita na hakuna jibu, akaamua kuja mwenyewe kuuliza, na mlinzi wa getini akamwelekeza huku kwa sababu ofisi zote zilikuwa tupu.

"Shemeji, karibu," Redio alimdaka. "Umekuja kumwona mwalimu?"

"Mwalimu gani?"

"Si mumeo. Anatufundisha kuoka zile pretzeli zake alizotuletea Ijumaa."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Akatazama meza, mabeseni, sakafu. Kisha akasogea kwenye karatasi ya ukutani akaisoma yote, mstari kwa mstari, na Naibu aliiona midomo yake ikisimama penye saa sita, halafu penye nyuzi elfu moja mia tatu na ishirini. Alingoja apige kelele. Aliomba kimoyomoyo apige kelele, maana mke mwenye kelele mume anaweza kumwonea huruma mbele ya watu akasalimika. Mama Pacha aliweka mkoba wake juu ya kiti.

"Samahani, Mama Mkurugenzi," alisema. "Mimi nimekuja kuulizia barua yangu ya kuomba hii kantini. Niliileta Ijumaa."

"Barua yako sijaiona. Ulimpa nani?"

Mama Pacha hakumtaja mtu. Alimgeukia mumewe tu, na macho ya watu wote yakageuka naye. Sufuria ya uji ilikuwa inatokota.

"Baba Pacha," alisema kwa sauti ya nyumbani kabisa, "barua yangu umeiweka wapi?"

Alitafuta uongo, na safari hii hakuupata. "Kwenye droo," alisema.

"Kailete," alisema Mkurugenzi.

Hiyo ndiyo ilikuwa safari ndefu kuliko zote alizowahi kufanya katika jengo lile. Alitembea na unga mikononi, akifungua milango kwa kiwiko. Alipita ofisi ya mkuu, mlango wazi, kiti kimegeukia dirishani. Alifungua droo, akaondoa boksi la lakiri, akaishika bahasha. Wazo la kuichana lilimjia, sitamfichia, lakini alijua angetakiwa kueleza na hilo pia. Aliirudisha ikiwa na alama za vidole vyake vya unga kila kona.

Alipofika, jiko lilikuwa limebadilika. Meza ilikuwa imekwanguliwa. Mama Pacha amekunja mikono ya gauni, amefunga aproni ya Mama wa Stoo, na unga mpya ulikuwa tayari mabesenini. Watu walewale waliomwitikia saa sita kwa pamoja sasa walikuwa wanakimbilia alikowatuma, huyu maji, yule asali, yule dirisha afungue. Hakuna aliyetazama karatasi ya ukutani. Ile karatasi baadaye mtu aliitandika sakafuni watu wasiteleze.

Mkurugenzi aliisoma barua amesimama, kurasa zote mbili, kisha akairudia. "Imeandikwa wiki iliyopita," alisema. "Na ililetwa ndani ya ofisi yetu kabla ya muda kwisha. Kama imekawia, tumeikawiza sisi." Akamgeukia Naibu. "Nilikuambia nina tangazo leo. Nilikuwa nakuhamishia kantini. Niliona mtu mwenye kipaji kama chako anapotea kwenye mita."

Mahali fulani nyuma dereva alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kuumwa.

"Sasa rudi kwenye mita," Mkurugenzi aliendelea. "Na nafasi ya mkuu wako nitaitangaza kwa kila mtu. Atakayeitaka aniletee barua yake mwenyewe, mkononi."

Saa kumi pretzeli sabini na mbili zilitoka ovenini kwa awamu, za kahawia, zinang'aa, chumvi juu, na watu wakazila wamesimama. Mkurugenzi alikula mbili. Mama Pacha alimwona akizila, kuanzia kwenye ncha, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu aingie mle ndani. Aliulizwa kama anaweza kuanza Jumatatu.

"Nitaanza Jumatano," alijibu. "Jumatatu na Jumanne nitakuwa nasugua hili jiko."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Baba Pacha alibeba kikapu, na tangu waoane ilikuwa mara ya kwanza abebe kikapu barabarani. Walipita mitaa miwili. Mke alikuwa anatembea kwa hatua zake za kawaida. Mume, alivyoona hakuna kelele, alianza kupata nafuu, na nafuu ikimpata mtu wa aina yake mdomo haukai.

"Lakini ukiangalia vizuri," alisema, "mwisho wa yote umeipata. Na kama nisingezipeleka zile pretzeli Ijumaa, nani angezionja?"

Mama Pacha alisimama. Walikuwa mbele ya duka la fundi viatu, na fundi alikuwa nje anafunga milango yake.

"Barua si kitu," alisema. "Ningeandika nyingine. Sifa nazo, chukua, mimi sina pa kuziweka. Lakini Jumanne ulipoingia jikoni ukasema unataka kunisaidia, nilimpigia dada yangu simu. Nilimwambia mume wangu amekuja jikoni, amevaa aproni yangu, tumecheka na watoto. Akaniambia, mdogo wangu, huyo kuna kitu anakitafuta, mwangalie. Nilikasirika, Baba Pacha. Nilimwambia ana wivu, nikamwambia hajawahi kukupenda, nikamkatia simu. Dada yangu, aliyenilea. Mpaka leo hatuongei."

Baba Pacha alikihamishia kikapu mkono mwingine. Akajikuta anamwona tena mkewe akiimba kwa chini na kona ya aproni mkononi, na safari hii hakuna kiti kilichokuja kumwokoa. 

"Nisamehe," alisema, na ilikuwa kweli.

"Nimesikia." Mama Pacha alifungua mkoba akatoa simu, akaminya namba, akamnyooshea. Upande wa pili ilikuwa tayari inaita. "Mwambie alikuwa sahihi. Mwambie ulikuwa unatafuta nini."

"Hapa? Barabarani?"

Fundi viatu aliacha kufunga milango. Simu ilipokelewa, na sauti ya shemeji yake ikasema halo, ikarudia tena halo, nani mwenzangu. Baba Pacha alisogeza simu sikioni, akageukia ukutani, akaanza kunong'ona.

"Sema kwa sauti," alisema mkewe. "Nataka na mimi nisikie."